Kelele za Eksozi Hazifiki Nyamongo

Vijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda hapa Tarime mjini wamegundua motokrosi. Mmoja alipakua video za Wazungu wanaoruka vilima vya udongo, akawarushia wenzake, na tangu hapo abiria wa Nyamongo hapelekwi, anakimbizwa. Wakirudi kijiweni wanaulizana dakika. Mimi nauliza nauli, kwa sababu Boxer mojawapo ni yangu, na kijana anayeiendesha ananidai vifaa vya mashindano huku mimi namdai hesabu ya wiki iliyopita.

Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Uingereza wanaucheza tangu 1924, na majirani zetu wana viwanja vyake, Jamhuri kule Nairobi na Garuga jirani na Entebbe. Tena sisi tumeshaukaribia sana. Pikipiki ya motokrosi haina taa, haina indiketa, haina vioo vya pembeni wala honi. Nusu ya kijiwe chetu ilitimiza masharti hayo zamani.

Kilichobaki ni mwendo, na humo ndimo pesa yangu inamozama.

Kijana alianza na eksozi. Akaitoboa, akaja kunionyesha kwa fahari: "Mzee, sasa inapumua!" Inapumua kweli, mtaa mzima ni shahidi, ila kilima inakipanda kwa mwendo uleule wa jana. Haijapita wiki, akang'oa eakilina, eti nayo inaiziba pumzi. Hapo nilipandisha sauti. Kutoka Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu ni kama kilomita 87, na mahali ambapo huikuti lami utalikuta vumbi. Hao Wazungu wa kwenye video huosha sponji ya eakilina na kuipaka mafuta kila baada ya mbio, ili vumbi linase humo humo. Wetu kalifungulia mlango. Linaingia kwenye silinda, linatafuna ringi, na siku si nyingi injini inaanza kula oili na kutoa moshi. Kununua ringi, bila shaka, ni kazi ya tajiri, na tajiri ndiye mimi ninayekwenda sokoni kwa miguu.

Lakini kilichonimaliza ni shokapu. Kwenye motokrosi gurudumu la nyuma lina nafasi ya kucheza kama sentimita 30. Dereva akikaa, pikipiki inatakiwa izame karibu theluthi moja, na fundi anapima kwa futi, hakadirii. Nafasi inayobaki ni ya mashimo na kutua. Sasa njoo kwetu. Kwa sababu ya magunia ya mahindi, mkaa, mbuzi na mishikaki ya watu watatu, vijana huongeza springi ya pili, kisha wanaizungushia mpira wa tyubu mpaka shokapu inakuwa ngumu kama mchi. Kwa mzigo naelewa. Ila mzigo ukishuka Nyamongo, mtu anarudi peke yake kwenye mchi huo huo na anataka rekodi. Kila jiwe linarusha tairi juu, na tairi lililoko hewani halisukumi chochote. Injini inapiga kelele, gurudumu linazunguka bure, kijana anaona anakimbia.

Na chini ya ile springi kuna pete yenye ngazi. Unaizungusha kwa spana yake, unakaza ukipakia, unalegeza ukishusha. Ya kwangu haijaguswa tangu itoke dukani. Imeshika kutu, na nilipomuuliza fundi alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za ndege.

Upepo wa tairi tunaupima kwa teke. Anayepiga teke akisikia "du", basi uko sawa. Pikipiki nyingi za aina hii hutaka kama psi 28 tairi la nyuma ukiwa peke yako, na 32 ukiwa na abiria. Wa motokrosi hushuka hadi 13 au 14 ili tairi lishike udongo, kwa vile hawabebi mtu. Kijana alisikia hiyo 13, akaipenda, akaijaribu akiwa na magunia mawili. Tyubu ilikatika kwenye sindano. Mnyororo nao aliukaza asubuhi pikipiki ikiwa tupu, mpaka ukalia kama uzi wa iritungu, kinubi cha Kikurya. Mzigo ulipokaa ukavutika zaidi, ukaanza kula meno ya sproketi. Ningeona afadhali auache ucheze sentimita mbili tatu, lakini mimi sina video.

Siku nyingine akaniletea habari za Stefan Everts wa Ubelgiji, bingwa wa dunia mara 10, aliyesifika kwa kusimama juu ya vikanyagio hata kwenye kona. Ni kweli, na mtindo wenyewe una faida: magoti yanabana tangi, miguu inameza mashimo badala ya kiuno. Ila Everts hakuwa na mama wa Kikurya nyuma yake, mwenye beseni la dagaa mapajani. Kijana aliposimama, mama hakuwa na pa kushika isipokuwa mkanda wa suruali, akaushika. "Mura, kaa chini!" Alikaa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwenye mwendo kuliko wote yuko hapo hapo kijiweni, na hawamtazami. Ni baba mtu mzima, pikipiki yake haina hata stika. Anashika breki mapema, pikipiki ikiwa bado imenyooka, na anatumia ya mbele, ambayo vijana wanaiogopa eti itawapiga mzinga, wakati ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Kwenye kona anaingia taratibu, akishaiona njia inakotokea ndipo anafungua mafuta. Wao wanaingia kwa kasi, wanakanyaga breki ya nyuma, wanaserereka, kisha wanatafuta gia upya. Mteremkoni kuelekea bonde la Mto Mara yeye anaacha gia ishikilie. Wao wanazima injini kuokoa petroli, wanafika chini bila injini na bila gia, mbele yao kuna ng'ombe. Na ng'ombe wa Mkurya hapigiwi honi. Unasubiri hadi wa mwisho apite, na mwenyewe akusalimie kwanza.

Halafu yule baba anajaza tangi jioni. Kijana wangu ananunua petroli ya chupa njiani, lita moja moja, na kila chupa ina maongezi yake. Dakika anazozitafuta kwenye eksozi anaziacha pale kibandani.

Nilimpa pesa anunue geji ya upepo. Akarudi na stika ya moto mwekundu ya kubandika kwenye tangi, na chenji hakuna. Geji nimeinunua mwenyewe. Iko kabatini kwangu, kwa sababu anasema ikikaa kijiweni wataiazima na haitarudi, na kwa hilo tu simbishii.