Idd Mbili, Luku Moja

Ramadhani ikifika ukingoni, wenzangu kazini huanza kuniuliza Idd ni lini. Mimi! Mpare wa Same, Mkatoliki, rozari mfukoni. Wananiuliza kwa sababu nakaa Kinondoni, na makao makuu ya BAKWATA yako Kinondoni. Wanadhani mwezi ukionekana, Mufti anaanza kwa kunigongea dirisha. Kumbe wilaya nzima hakuna watu wanaochelewa kupata habari za mwezi kama sisi wapangaji wa nyumba moja isiyo mbali na Mkwajuni: vyumba sita, korido moja, choo cha nje na mita moja ya Luku.

Chumba cha mbele kulia anakaa babu mmoja, mstaafu wa bandari, na mkewe ambaye nyumba nzima tunamwita Bi Mkubwa. Hao ni wa mwezi wa hapa nyumbani: Mufti asipoutangaza, haujaandama, hata uwe unaning'inia juu ya bati. Mkabala nao yupo fundi makenika na mkewe. Hao ni wa mwezi wa kimataifa. Ukionekana popote duniani, fundi ananoa kisu. Ubishi huu haukuanzia kwetu wala hautaishia kwetu, ila kwetu unaendeshwa kwa adabu kubwa, kwa kuwa mbuzi ya nazi iliyo nzima ni moja tu na iko kwa Bi Mkubwa. Mimi niko chumba cha uani, karibu na jiko, na ninaiamini miezi yote miwili.

Kuna mwaka usiku wa kuamkia mwezi thelathini ulitukuta tumejaa mikekani mbele ya televisheni ya babu, tunasubiri tangazo. Mita ilikuwa inalia tangu alasiri. Kila mmoja aliisikia na kila mmoja akajifanya kiziwi, maana sheria ya nyumba ile, ambayo haijaandikwa popote, ni kwamba atakayesema umeme unakaribia kuisha ndiye atakayetanguliza pesa. Na huko ndani kwa fundi pasi ilikuwa inanyoosha kanzu za ukoo mzima.

"Sasa tunakwenda moja kwa moja," akasema mtangazaji, na giza likaingia.

Wenye mita zao hawaijui raha ya umeme wa mchango. Huyu ana elfu mbili kwenye simu lakini ya makato hana, yule atalipa kesho, mwingine anaapa friji lake halili umeme. Pesa zikapatikana, ujumbe ukaingia, tarakimu ishirini. Kijana wa darasa la tano akawa anazisoma kwa mwanga wa tochi, babu anabonyeza. Walipofika katikati, mke wa fundi akauliza kutoka gizani kama kuna mtu amechomoa pasi. Babu akamjibu, na namba zikampotea. Wakaanza upya. Safari hii wakafika mpaka ya mwisho, mita ikakataa. Kijana alikuwa ameruka mstari.

Hapo ndipo mtu wa nyumba ya jirani akapiga kelele: "Kesho!"

Kesho nini? Kesho Idd au kesho tunafunga? Mikono iliyokuwa inakuna nazi ikasimama. Mama mmoja akasema bora nyama ichemshwe kabisa, mwingine akamkataza asije akalisha watu daku kwa kitoweo cha sikukuu. Babu, jasho linamtiririka, kidole bado kiko juu ya mita, akatoa uamuzi: "Mufti yuko hapo nyuma tu. Tumeni mtoto akaulize."

Mtoto hakutumwa. Umeme ulirudi, tukaambiwa mwezi haujaonekana, mfungo unakamilisha thelathini. Yule wa "kesho" naye hakusema uongo. Ni wa kimataifa.

Basi asubuhi nyumba ikaamka nusu Idd, nusu saumu. Watoto wa fundi, viatu vipya vinawabana, wakapita mlango hadi mlango kudai sikukuu yao. (Mtoto wa siku hizi ukimpa mia mbili anaigeuza pande zote mbili, halafu anakuuliza kwa upole kama hii ni yote.) Mchana mke wa fundi akaniita mlangoni kwake, akanikabidhi sahani iliyofunikwa kawa. "Shemeji, pokea Idd."

Kutoka pale mpaka chumbani kwangu ni lazima upite korido, na koridoni, juu ya mkeka, alikaa babu na tasbihi yake, amefunga. Nilipita ubavu ubavu, sahani nimeielekeza ukutani. Macho ya mtu unaweza kuyakwepa. Lakini pilau ambayo vitunguu vyake vimekaangwa mpaka vikawa vyeusi-vyeusi, ikatiwa bizari nyembamba, karafuu na mdalasini, ile haifichiki hata kwenye gunia.

"Umebeba nini, mjukuu wangu?"

"Nguo, babu. Naenda kuzinyoosha."

Akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. "Ukishazinyoosha, usisahau kachumbari."

Siku ya pili ikawa zamu ya Bi Mkubwa. Yeye hakuleta sahani, alileta sinia, mifupa imesimama juu ya wali, akakaa mlangoni kuhakikisha nakula. "Ile ya jana," akasema, "ilikuwa ya majaribio." Mke wa fundi alikuwa anapita na ndoo. Akacheka mpaka maji yakamwagika, maana sinia kama hilo lilishafika na kwake.

Nasikia watu wakilalamika kwamba Dar siku hizi jirani hamjui jirani. Huenda ni kweli huko kwenye mageti. Kwenye nyumba ya Luku moja huwezi kumnunia mtu zaidi ya yuniti ishirini.

Krismasi nayo ina vituko vyake. Mchaga wa chumba cha tatu haonekani ikifika katikati ya Desemba. Tangu treni ya abiria ya Moshi iliporudi mwaka 2019, anaaga kwa mbwembwe utadhani anakwenda Ulaya. Mimi nikibaki, wanasema Mpare kaogopa nauli. Nikanunua kuku wa kienyeji, jogoo mzima, kuwaziba midomo. Nikamwomba babu amchinje ili nyumba nzima ile. Babu akatawadha, akatafuta kibla, akaomba kisu. Jogoo akakata kamba.

Alitoka na korido, akavuka barabara, akapita katikati ya meza ya muuza chipsi. Nyuma yake mimi, babu, fundi na watoto wa mtaa wote. Siku hiyo hapakuwa na mwezi wa hapa wala wa kule. "Mpare hajawahi kukimbia hivi," muuza chipsi akapaza sauti, "labda akifuatilia chenji!" Fundi alimnasa chini ya bajaji, akatoka na jogoo mkononi na grisi usoni. Bi Mkubwa akaninyang'anya sufuria, akisema pilau ya Wapare huhesabiwa punje.

Mwaka 2026 mambo yaligongana. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo, ikawa nyumba nzima inashinda njaa. Sasa Idd ikafika, na Pasaka bado, mpaka tarehe 5 Aprili. Bi Mkubwa akaja na sinia. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba Kwaresima hii nimejinyima nyama.

Akaliangalia sinia, akaniangalia mimi, kisha akamgeukia mumewe. "Mwenzangu, hivi mfungo wa huyu unafuata mwezi gani?"

"Wa kimataifa," akasema babu. "Mletee kachumbari."