Mkono Mzima Unaoungua

Mtu aliyening'iniza mkono shingoni kwa kitambaa ni mfalme hapa Dar. Kwenye daladala anapishwa kiti, benki anasogezwa mbele, na msibani hakuna anayemtuma maji. Mimi kitambaa nilishavua, mtulinga ukaunga vizuri, na heshima yote ikaondoka nacho. Mkono wangu wa kushoto hauna hata kovu la kuonyesha watu. Unaungua tu, usiku na mchana.

Bodaboda ilituangusha Tabata. Dereva aliinuka akapangusa suruali. Mimi nilitua kwa bega, kichwa kikaenda upande wake. Daktari akanieleza kuwa hapo kati ya shingo na bega ndipo inapopita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi, na ikivutwa namna ile inajeruhika. Eksirei haiionyeshi, yenyewe inaona mifupa. Basi kila ninayemwonyesha picha yangu anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, ananirudishia na kuniambia hongera.

Kuhusu kupona, mshipa wa fahamu unaoota upya huenda kama milimita 1 kwa siku. Kutoka begani hadi ncha ya kidole ni zaidi ya milimita 600. Piga hesabu wewe, mimi nikipiga naumwa zaidi.

Na dawa je? Diklofenaki ya duka la jirani haigusi kitu. Nikaandikiwa amitriptilini ya kumeza usiku. Muuza dawa akainama dirishani, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza chipsi: "Kaka, hii si ya watu wenye sonona?" Ni kweli, ilianzia huko, lakini hutuliza pia mishipa ya fahamu. Ikaongezwa gabapentini, na hiyo nayo ni ya kifafa. Shangazi alisoma karatasi za maboksi yote mawili, kwa miwani, mstari kwa mstari. Siku hizi akinipigia simu anazungumza polepole, na mwisho anaomba nimpe mke wangu.

Lakini kero kubwa ni mguso mdogo. Nibane mkono kwa nguvu, nitavumilia. Konda akinigonga kwa ncha ya kidole, "Nauli, braza," naruka hadi abiria wanashika mikoba yao. Shuka likipita juu ya mkono, moto. Upepo wa feni, moto. "Baba, tuzime feni Januari hii?" mke wangu anauliza, na najua si swali.

Faraja yangu ni askari wa Marekani. Mwaka 1864, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, daktari Silas Weir Mitchell na wenzake waliandika habari za majeruhi wa risasi waliokuwa wakiungua kama mimi. Wengine walifunga mkono kwa kitambaa kibichi kutwa nzima, na wapo waliomwaga maji ndani ya buti ili mguu usisuguane na kitu kikavu. Hao ni ndugu zangu. Mimi natembea na leso mbichi mfukoni, na ofisini wanadhani nimejikojolea.

Ushauri ninao wa kutosha kufungulia duka: mafuta ya nyonyo, mafuta ya simba, maji ya moto yenye chumvi. Mjomba anasisitiza nichuliwe na mzee mmoja wa Kisarawe mwenye vidole vya chuma. Ninachokataa kabisa ni hicho cha kuchuliwa, na ndicho ninachoulizwa kila Jumapili.

Juzi kwenye kamati ya harusi nilipangiwa kubeba kreti za soda. Nikasimama, nikaeleza mishipa ya fahamu tangu shingoni, milimita, askari, buti, vyote. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaniangalia upande wa pili.

"Pole sana, kaka. Lakini huo wa kulia si mzima?"