Mimi Sina Hatia, Ulizeni Mto

Mathare ukitaka kusikia kitu kimoja peke yake, sharti kwanza uvifungie nje vingine vyote. Chumba changu kiko kwenye ploti ya mabati, chini kidogo ya Juja Road, ambako makanga wanapigapiga bodi za matatu tangu alfajiri na mhubiri wa kona ana spika kubwa kuliko mimbari. Ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa ndege wa kijeshi wa Eastleigh, ambao mpaka 1958, uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa, ndio uliokuwa uwanja mkuu wa abiria wa Nairobi. Abiria walihama. Kelele hazikuhama.

Hapo ndipo ninapofanyia kazi yangu ya kusafisha sauti. Wateja wangu ni kwaya zisizo na pesa za studio, wenye bucha, vinyozi, na yeyote anayetaka tangazo la kuwavuta wapita njia. Chombo changu cha kazi ni hedifoni kubwa za kufunika masikio, nilizozitoa kwenye rundo la mitumba pale Gikomba. Spika zake ni nzima kabisa. Zilizozeeka ni zile sponji za duara zinazokaa sikioni, ambazo wenye kazi hii tunaziita mito.

Mito yenyewe ilianza kubambuka. Ile ngozi bandia laini hupakwa poliyurethani, na poliyurethani na maji hawapatani: jasho na unyevu huikatakata kidogo kidogo mpaka inamwaga magamba, hata ukiiweka kabatini. Nikitoka nje, magamba meusi yamenijaa mashavuni na ndani ya masikio. Mama wa chapati alinitazama akasema, "Kijana, siku hizi unauza makaa?" Nikajipangusa, yakasambaa hadi kidevuni. "Ahaa," akasema, "kumbe unauza kwa jumla."

Kila niliyemwuliza alinituliza: mito ni urembo tu, sauti iko kwenye spika, weka yoyote uendelee na maisha. Naomba wote walioniambia hivyo wahesabiwe kuwa washtakiwa katika kesi hii.

Nilianzia kwa mzee anayeshona viatu karibu na ngazi za kuteremkia mtoni. Aliishika hedifoni, akaibonyeza sponji kwa kidole gumba, akainusa, akasema hiyo ni kazi ndogo. Alikata reksini iliyobaki kwenye viti vya matatu, akajaza ndani kipande cha godoro, akashona kwa shazia na uzi wa nailoni wa kushonea soli. Mwisho akaipaka rangi ya viatu, bure, kwa heshima ya uteja wangu.

Nilipozivaa, kwaya niliyokuwa nikiisafisha ilihamia ng'ambo ya Mto Mathare. Besi walikuwepo, wazito kabisa, lakini masoprano walisikika kwa shida na kayamba haikusikika kabisa. Jumapili ilikuwa inakaribia. Nikaongeza sauti za juu, nikaongeza tena, mpaka masoprano wakarudi nyumbani.

Kanisani, kwenye spika za kawaida, kila herufi ya S ilitoka ikifoka. "Asante" ya kwanza ilimfanya mama mmoja wa safu ya mbele akimbilie jikoni nyuma ya kanisa kufunga mtungi wa gesi. Wakati wa "asante" ya pili wazee walikuwa wamefungua madirisha yote.

Nilirudi kwa fundi. "Mzee, hapa katikati, sauti inapopitia, ulipaziba."

"Si ndiyo, kijana yangu?" akajibu kwa fahari. "Sasa vumbi litapitia wapi?"

Na hapo ndipo siri ilipo. Mawimbi ya sauti za juu ni mafupi na hayana nguvu ya kupenya. Wekea reksini nzito mbele yake, yanaishia hapo hapo. Ya besi ni marefu, yanaitikisa reksini yenyewe na kupita. Zaidi ya hayo, kipande cha godoro kilikuwa kinene kupita kiasi, kikaisukuma spika mbali na sikio, na umbali huo nao hubadilisha sauti za kati na za juu. Mzee alisikiliza maelezo yangu kwa adabu, akachukua chombo cha kutobolea mishipi, akatoboa matundu kwenye mstari ulionyooka kabisa. Kwaya ikasogea hadi katikati ya daraja. Mimi nikarudi ploti nikiwa na pete mbili za rangi ya viatu kuzunguka masikio. Mama wa chapati hakusema neno. Aliniongezea chapati moja tu, kwa huruma.

Safari iliyofuata ilikuwa Luthuli Avenue, ambako hakuna kifaa cha umeme kisichokuwa na kipuri chake, na hakuna kipuri kisicho orijino. Mwenye kibanda alinionyesha mito ya mahameli ya kijivu. Nikamwambia inaonekana pana kuliko zangu. "Bosi, itajikaza yenyewe," akasema. Nikapunguziwa bei, nikaondoka.

Raha yake sijapata kuiona: hakuna jasho, hakuna magamba, masikio yamelala usingizi. Ila besi ilikuwa imetoroka. Nikaikagua waya, nikaitikisa, nikailaumu kompyuta. Kumbe mahameli inapumua. Sauti za chini zinahitaji hewa iliyofungiwa kati ya spika na sikio ili spika ndogo iweze kuisukuma. Ukiacha upenyo, ni kupampu gurudumu lenye panchari. Sauti za juu hazijali, zinafika vilevile. Kwa hivyo hutaona kuwa kuna kitu kimeharibika, utaona tu kwamba kila wimbo umekonda. Mto usioziba unaweza kula desibeli 10 au zaidi chini ya hezi 100, na desibeli 10 sikio huzisikia kama sauti imepungua nusu. Upenyo wenyewe si lazima uwe mkubwa. Mguu wa miwani unatosha. Rasta zinatosha. Mimi nina vyote viwili.

Na mlango uliofunguka ulipitisha huku na kule. Juja Road iliingia na makanga wake wote, na kazi yangu ikatoka kupitia mabati. Jirani aliniuliza kama kinyozi anayetangazwa atatoa punguzo kwa watoto, na tangazo lilikuwa bado halijakamilika.

Tangazo hilo ndilo lililoniletea kesi ya pili. Kwa kuwa besi sikuisikia, niliiongeza mpaka nikaisikia. Kinyozi akalicheza kwenye spika zake mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Vioo vikaanza kutetemeka, chupa ya spiriti ikatembea mezani, na mteja aliyekuwa kitini, ambaye alitaka laini iliyonyooka juu ya paji la uso, akaondoka na ramani ya Bonde la Ufa. Hapa pia sioni kosa langu. Mtu anachanganya sauti kwa masikio aliyo nayo, na masikio yangu siku hiyo yalikuwa ya mahameli.

Wahandisi hupima hedifoni kwa kutumia kichwa bandia chenye masikio ya mpira. Kichwa hicho hakina miwani, hakina rasta, hakitoki jasho na hakijawahi kupanga chumba Mathare. Kwa hivyo ile michoro mizuri kwenye boksi ni sauti ya hedifoni ikiwa na mito yake mipya, kwenye kichwa kile. Hata usipobadilisha kitu, sponji huendelea kubonyea mwaka hadi mwaka na spika kusogelea sikio, nawe unazoea. Ndiyo maana Sony MDR-7506, iliyotoka 1991 na ingali studioni mpaka leo, imezaa biashara nzima ya mito ya badala, na walio makini hutafuta iliyolingana na ile ya kwanza kwa unene, kwa tundu na kwa ngozi.

Mwishowe nilipata ya aina hiyo: ngozi bandia laini, kipimo chenyewe, sponji inayorudi polepole ukiibonyeza. Nikavua miwani, nikafunga rasta nyuma, nikasikia ukweli wote. Nikalirekebisha tangazo la kinyozi kwa kiasi na heshima, nikampelekea bila malipo.

Alilisikiliza mara moja akanirudishia flashi. "Kaka, hii ni ya benki. Niachie ile inayotingisha. Tangu siku ile watu wanajaa hapa kuangalia vioo." Mwenye bucha aliyekuwa akingoja zamu akainua mkono: na yeye anataka ya kutingisha, ila isiangushe mizani.

Sasa ninafanya kazi na jozi mbili. Ya ngozi ni ya kwaya, ya mahameli ni ya biashara. Ukiniletea kazi, sema mapema unataka mto gani, na kama una vioo, vifunge kwanza.