Mhadhara wa Msalato Kuhusu Mwizi, Dari na Korido

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mabalozi wa nyumba kumi, wenye nyumba mliokaa mbele, mafundi mliokaa katikati, na wapangaji mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: mbukwenyi! Nashukuru kwa makofi, ingawa yamechelewa kidogo. Kwa wasionifahamu, mimi ni Bingwa wa Usanifu wa Ndani Dhidi ya Uhalifu, Kanda yote ya Kati. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, sikuona mwingine wa kukibeba.

Nimeichagua Msalato kwa makusudi. Tangu uanze ujenzi wa uwanja wa ndege wa kimataifa, bei za viwanja hapa zimepaa kabla ya ndege. Kila anayehamia anajenga, na kila anayejenga anaanza na ukuta wa nje. Anauchomekea vipande vya chupa, anatundika geti jeusi lenye vichwa vya simba, kisha hela inamwishia kwenye linta. Mwizi akishauruka ukuta huo, hakuna jirani anayemwona tena. Lakini ukuta ni mambo ya nje, na mimi ni mtaalamu wa ndani, kwa hiyo tusonge mbele.

Tuanze na dirisha. Chumba cha kulala kina kuta nne, na kwa nguvu ambazo sayansi haijazieleza, kitanda husogea mpaka kikakaa chini ya ule wenye dirisha. Baba anataka upepo. Suruali anaitundika kwenye msumari kando ya dirisha, simu anaichaji juu ya kizingiti chake, halafu anakoroma. Usiku anakuja kijana asiye na elimu yoyote ya usanifu. Anachana wavu kwa wembe, anapitisha katikati ya nondo upembo uleule wa kuangulia maembe, anaitoa suruali taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Grili haijapinda hata kidogo. Asubuhi suruali inakutwa kwenye mtama, mifuko imepinduliwa nje, na baba bado anazisifia nondo zake.

Dawa yake ni kuhamisha kitanda, kuhamisha msumari, na zaidi ya yote kuhamisha soketi. Soketi, ndugu zangu, ndiyo inayoamua simu italala wapi. Soketi nayo huamuliwa na fundi umeme, na fundi umeme huamuliwa na urefu wa waya uliobaki. Hapo ndipo uhalifu wa nchi hii unapoanzia, na mtu wa kwanza kulisema hilo hadharani ni mimi.

Sasa dari. Kuta za vyumba zikishapita linta kwa kozi mbili, fundi hushuka ngazini, anafuta jasho na kusema: "Bosi, huku juu hakuonekani, dari litafunika." Kwa kauli hiyo moja, nyumba ya vyumba vinne imegeuka chumba kimoja kirefu juu ya vichwa vyenu. Mwizi anang'oa misumari ya bati moja upande wa jikoni, anatambaa juu ya mbao, anaupita kwa juu mlango wa mninga mliokopa hela kuununua, anakanyaga jipsamu ya chumba cha masta na kushuka nayo. Milango yote imefungwa. Hakuhitaji hata mmoja. Pandisheni kuta za ndani mpaka ziguse paa! Ni kozi chache za tofali, nafuu kuliko simba wa getini. Na bawaba zisikae upande wa nje. Mlango wenye vitasa vitatu unafunguliwa kwa nyundo na msumari ukianzia ule upande ambao hauna kitasa.

Msidhani nayatoa kichwani. Jeremy Bentham, Mwingereza, alichapisha mwaka 1791 mpango wa gereza la duara, ambamo mlinzi mmoja akikaa katikati anaweza kuona vyumba vyote na mfungwa hajui lini anatazamwa. Serikali yake haikumjengea. Alifariki mwaka 1832, na kwa wosia wake mwenyewe yuko mpaka leo University College London ndani ya kabati la kioo: mifupa iliyovikwa koti, kichwa cha nta, kofia. Huyo ndiye mlinzi pekee ninayemfahamu ambaye hajawahi kusinzia lindoni. Nilichora nyumba ya kuishi kwa mfano wa gereza lake, sebule katikati, vyumba saba kuizunguka, milango yote ya kioo. Mke wangu ameikataa kwa sababu zisizo za kitaalamu.

Yupo pia Oscar Newman, msanifu wa Marekani aliyetoa kitabu chake mwaka 1972. Alichunguza Pruitt-Igoe mjini St. Louis, majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, ambayo yalianza kubomolewa mwaka huohuo kabla hayajatimiza miaka 20. Aliona kwamba kibaraza cha familia mbili kilifagiliwa na kutunzwa, korido ya familia 20 ilikuwa balaa, na ngazi na lifti za familia 150 zilikuwa balaa zaidi. Cha wawili kina wenyewe. Cha watu 150 hakina mwenyewe, na mwizi husoma jambo hilo haraka kuliko mhandisi.

Tukilinganisha na nyumba zetu za kupanga, zile za korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, na uani choo kimoja, kwa hesabu za Newman hatujambo. Mpangaji wa chumba cha kwanza anakijua kikohozi cha mgeni wa chumba cha sita. Mtu akipita na redio begani ataulizwa ya nani na anaipeleka wapi. Lakini usalama huo si wa kisasa. Unatokana na umbeya, na umbeya haukatiwi risiti. Kwa hiyo napendekeza korido zizibwe, kila chumba kitobolewe mlango wake wa nje, na kila mpangaji ajifungie grili yake bila kujua jirani yake ni nani.

Mzee wangu hapo mbele amenyoosha mkono tangu nianze, nami najua anataka kusema nini. Tembe. Shikamoo, mzee, tembe naifahamu. Kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la udongo lililo chini kiasi kwamba mgeni huingia ameinama, vyumba vimeuzunguka ua, na ng'ombe wanalala uani humo. Anayetaka ng'ombe sharti ainame mlangoni, apite kwenye usingizi wa ukoo mzima, awaamshe wanyama na kutoka nao kwa njia ileile aliyoingilia. Nchi hii ya Ugogo ilivamiwa na Wamasai kutoka kaskazini na Wahehe kutoka kusini, kwa hiyo sisemi tembe ilijengwa bila sababu. Hata misafara ya karne ya 19 yenye bunduki ilisimama Ugogo ikalipa hongo kabla ya kupewa njia na maji, na ulinzi wa getini wa kiwango hicho sijauona tena.

Lakini tembe haina masta. Haina jipsamu. Na kubwa zaidi, haina msanifu. Mnioneshe ramani yake ina muhuri wa nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, operesheni ya vijiji ilipopita mkoani, tulianza kupanga nyumba kwa mstari zikionekana zote kutoka barabarani, na zizi likaenda nyuma, upande ambao halali mtu. Hayo ndiyo maendeleo. Ng'ombe akipotea huko nyuma, hilo ni suala la polisi.

Pwani nako kuna la kujifunza. Nyumba za mawe za Lamu zina daka mlangoni, yaani kibaraza cha kukaa, na njia ya kuingilia inapinda kona ili aliye nje asione ndani, ilhali waliokaa kwenye viti vya mawe vya daka wanamwona kila apitaye mtaani. Nimemjengea mteja mmoja hapa Dodoma korido ya namna hiyo. Kona nimeiga, viti nimeviondoa kwa kuwa vinakaribisha watu. Friji halikupita konani, liko barazani mpaka leo, limefungwa mnyororo.

Dada mwenye kilemba ananikatiza. Anauliza: moto ukitokea usiku, grili zote zina kufuli, na funguo ziko kwenye suruali ya baba, naye baba yuko mnadani? Dada yangu, mnada wa Msalato ni Jumamosi, siku nyingine zote baba yupo. Pili, moto si mhalifu, kwa hiyo hauko katika mada. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba yake, 114, na litakapofika litakuta hakijaibwa kitu. Sasa anauliza kama grili ya dirisha moja katika kila chumba haiwezi kutiwa bawaba ikafunguka kwa ndani, ufunguo ukaning'inizwa pale mkono wa mtoto unapofika na upembo haufiki. Mafundi, hayo msiandike. Fundi, nimekuona. Weka kalamu chini.

Tumalizie na malipo. Ila kwanza, naambiwa hapa kwamba kijana mmoja alikuwa anafungua betri ya pikipiki yangu huko nje, na mama wa maandazi aliyeketi ngazini ndiye aliyepiga kelele, kijana akatimkia barabara ya Kondoa. Asante, mama. Ila wasomi tusichanganye bahati na sayansi: mama huyu hayumo kwenye ramani ya jengo, nimeipitia mwenyewe, na nilikwisha kumwomba mwenyekiti amhamishe kwa kuwa anaziba mlango. Wanaotaka kuchorewa wapange foleni kushoto. Kianzio ni nusu, stakabadhi zitafuata. Mama, naomba unishikie na huu mkoba, nikaandike majina.