Namna ya Kumzuia Ng'ombe Asiingie Kwenye Mfumo

Umepewa kazi ya kutengeneza fomu ya mtandaoni, na hofu yako ni kwamba watu wataitumia. Tulia. Anza na ritifaa, kile kialama kinachoning'inia kwenye ng'ombe, ng'ambo na Ng'ang'a. Iamuru fomu ipokee A mpaka Z basi. Bwana Ng'ang'a akijiandikisha, imjibu kwa rangi nyekundu: "Jina si sahihi. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho." Kwenye kitambulisho limeandikwa Ng'ang'a. Nenda kanywe chai.

Ukiwa na huruma, iruhusu ritifaa lakini uipokee ovyoovyo. Katika hifadhidata nyingi alama hiyo ndiyo inayofunga maneno, kwa hiyo mfumo ukishasoma Ng utadhani jina limekwisha, na kilichobaki utakichukua kama amri. Wezi wa mtandaoni hupitia mlango huohuo. Waachie wazi, wageni ni baraka.

Kazi yenyewe hasa ni Ngũgĩ wa Thiong'o, maana jina lake limebeba kila unachokichukia. Lihifadhi kwa UTF-8, utaratibu wa kisasa wa kuhifadhi herufi, likiwa na ritifaa iliyopinda (’), kisha lifungue kwa utaratibu wa zamani wa herufi za Ulaya Magharibi. Litatoka hivi: NgÅ©gÄ© wa Thiongâ€™o. Mzee huyo mwaka 1978, akiwa katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya nzima ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni, ikachapishwa 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-inĩ, vialama vyote mahali pake. Wewe una seva, una kiyoyozi, una bajeti. Ukikaza buti utaviharibu.

Jihadhari tu na hiyo UTF-8 ukiitumia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwaka 1992, haina malipo, na inabeba herufi za lugha karibu zote zinazoandikwa duniani. Mtu akikushauri uitumie, mwambie iko kwenye mpango wa mwaka ujao.

Kwenye SMS, iache ritifaa iliyonyooka, tumia ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huichomeka zenyewe. Hiyo moja tu inashusha nafasi za ujumbe kutoka 160 hadi 70. Tangazo la mnada wa ng'ombe lenye herufi 150 litakwenda vipande vitatu badala ya kimoja, na mwenye mnada atalipia vyote.

Majaribio? Mwite John Smith. Akipita, zindua.

Ng'ang'a akija kulalamika, mshauri aandike Nganga. Akifika dirishani akataliwe, kwa kuwa jina halilingani na kitambulisho. Mtume kwa wakili akaape kwamba Nganga na Ng'ang'a ni mtu mmoja, kisha apakie hati hiyo ya kiapo kwenye mfumo. Faili, kwa kawaida, huwa limepewa jina la Ng'ang'a. Likatae.