Tuleteeni Picha ya Mjomba Wenu

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi,
Makampuni ya Unga, Mchele na Chokoleti,
Marekani na Ulaya.

YAH: OMBI LA PICHA YA MJOMBA WENU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, poleni na kazi ya kubadilisha maboksi. George Floyd aliuawa Minneapolis Mei 2020, na kabla Juni haijaisha Quaker Oats walikuwa wameshagundua kwamba Aunt Jemima, mwanamke mweusi wa kwenye boksi lao aliyewauzia watu unga wa pankeki tangu 1889, ana kasoro. Miaka 131! Hongereni kwa macho makali. Ilibidi tu mtu mmoja afe barabarani chini ya goti la polisi ndipo mlisome boksi lenu wenyewe.

Mars nao wakamtazama upya Uncle Ben, mzee mweusi wa kwenye boksi la mchele. Mzee huyu alipandishwa cheo mwaka 2007, akawa mwenyekiti wa kampuni, na ofisi akapewa kwenye tovuti. Sijawahi kusikia mwenyekiti mwingine asiye na mshahara. Mwaka 2020 akaondolewa bila kiinua mgongo, ila jina lake likaambiwa libaki kazini: Ben's Original.

Huku kwetu Aunt, yaani shangazi, ni mtu wa kuulizwa kabla mahari haijapokelewa. Kule Kusini mwa Marekani alikuwa mwanamke mweusi mtu mzima ambaye wazungu waliona hastahili kuitwa Bibi Fulani. Lakini tuyaache hayo, nisije nikaharibu barua mapema.

Ombi letu ni hili. Nafasi kwenye boksi iko wazi, nasi tunataka kuingiza sokoni Unga wa Chapati wa Anko Nigel. Tunahitaji sura. Awe mzungu wa makamo, amebabuka kwa jua mpaka amekuwa kama kamba aliyechemshwa, krimu nyeupe imeganda puani. Kaptura iwe na mifuko mingi isiyo na kitu, soksi zifike magotini, na chini ya soksi viwe viatu vya wazi. Shingoni kamera. Awe anacheka kwa furaha isiyoeleweka imetoka wapi. Kutoka mdomoni tutamtolea maneno: “Jambo! Chapati kitamu sana mimi!” Msahihishaji wetu wa lugha ameonywa asiguse kitu hapo.

Kila Sabasaba, pale viwanjani Dar es Salaam, tutaweka banda na Nigel wa kweli. Tutamtafuta mstaafu mmoja, tumfunge aproni, asukume chapati kuanzia asubuhi huku akiwasimulia watoto wa shule jinsi wazungu walivyo wakarimu kwa asili, wanaimba wakiwa kazini na hawapendi kusumbuliwa na mambo ya mishahara. Wajukuu zake wakija kudai mgawo, tutawajibu kistaarabu kwamba Anko Nigel si mtu yeyote hasa, ni hisia tu za upendo na ukarimu.

Msiwe na wasiwasi, tutakwenda na wakati. Mwaka wa 79 tutamvua soksi. Mwaka wa 100 tutamvalisha shati la kola na saa nzuri. Mwaka wa 131 tutaunda kamati.

Ratiba hii hatukuibuni, ni ya Jemima mwenyewe. Nancy Green alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1834. Mwaka 1893 wenye unga ule walimsimamisha kwenye maonesho makubwa ya Chicago akaange pankeki kwa jina la Jemima na kuwapa watu hadithi tamu za enzi za mashamba ya watumwa. Akagongwa na gari mwaka 1923, akafa, na kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka 2020, wanahistoria wa mtaani walipohangaika wakaliweka. Pesa za kumbadilishia Jemima kitambaa cha kichwa zilipatikana mwaka 1968. Za kumvika hereni za lulu zilipatikana mwaka 1989. Za jiwe la mwanamke mmoja zilikosekana kwa karibu miaka 100, halafu mnataka tuwapigie makofi kwa sababu mmefuta picha! Mmefuta sura, hesabu za benki hamkuzigusa.

Samahani. Sauti ilipanda. Turudi kwenye biashara.

Pearl Milling Company, mlilobandika palipokuwa Aunt Jemima, ni jina zuri. Mmemtoa mpishi mkabakiza kinu, na boksini mkawahakikishia wateja kwamba ladha ni ile ile. Mkikutana na jamaa zenu wa Hispania, waulizeni zile karanga za chokoleti zinazoitwa Conguitos, yaani Wakongo wadogo, zinamngoja nani afe. Wasalimieni pia wenye Banania kule Ufaransa, waliomchukua askari wa Kiafrika wa vita vya 1914 wakamfanya achekee kopo la kakao, mpaka mwaka 2011 mahakama ya Versailles ilipowaamuru waache ile kaulimbiu ya Kifaransa kibovu waliyomtia mdomoni.

Picha ya mjomba iwe ya rangi, mandhari ya nyuma ya bluu kama ya pasipoti, meno yote yaonekane. Jina lake halisi si lazima mlitume.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpika chapati