Mniulize Kitu Kingine

Jirani, mimi siombi makubwa. Naomba filamu moja Jumamosi usiku, mama watoto amelala, bakuli la karanga pembeni. Basi. Maswali sikuomba. Lakini siku hizi ukitaka kukaa kimya na mashine yako, lazima kwanza ufanyiwe usaili.

Laptopu yangu ya mtumba ilikuja na VLC ndani. Unaijua, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Fundi aliyeniuzia aliipiga kutoka kwenye flashi yake, toleo 3.0.12, akaniambia hii ni moto wa kuotea mbali. Nikaitikia kwa kichwa. Toleo ni nini, sijui. Ila kichwa changu kinaitikia vizuri sana.

Sasa ikaanza kudai. Naifungua, inachomoza: kuna toleo jipya, unataka? Mimi mtu wa adabu, nabofya ndiyo. Kamstari kanatembea, kanajaa, kanafika mwisho. Kimya. Hakuna kilichobadilika. Kesho yake tena, unataka? Nabofya. Bando linakwenda. Kimya. Nikaanza kufikiri labda nabofya bila heshima.

Nikambebea dogo wa kibanda cha miamala. Dogo ana shikamoo nzuri, halafu baada ya shikamoo hana huruma. "Mzee, hili toleo lako linajulikana. 3.0.12 na 3.0.13 kwenye Windows zilikuwa na hitilafu hiyo. Linashusha jipya, linalikagua kwamba ni zima, halafu haliliwashi. Wenyewe wakatoa 3.0.14 mwaka 2021 kurekebisha." Nikamwambia safi, basi tuchukue hiyo. Akanitazama. Kumbe kilichoharibika ni kuapdeti, na dawa yake ni kuapdeti. Hapo wasomi wa dunia nzima wamekaa wakaona sawa.

"Shusha upya kwa mkono, mzee."

Kwani nikibaki na hili la zamani nitakufa? Nilimuuliza hivyo hivyo, watu wamepanga foleni nyuma yangu wanataka kutoa hela. Akanijibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba mwaka 2017 watu wa Check Point walionyesha mwizi anaweza kuingia kwenye kompyuta kupitia faili la maandishi ya chini ya filamu. Yale maandishi ya tafsiri! VLC ikiwemo, ikabidi wazibe tundu. Mama mmoja kwenye foleni akaguna na kunitazama kama mimi ndiye nafuga wezi.

Nikaenda kushusha. Nikatafuta VLC mtandaoni, nikaona kitufe cha kijani kikubwa kuliko vyote. Mimi nikiona kitu kikubwa naamini ndicho chenyewe. Nikabofya. Kikaja kisafisha kompyuta. Kikaniambia mashine ina matatizo lukuki, nilipe dola. Mimi dola nimeziona kwenye ubao wa bureau de change tu. Koni hakuna. Nikibofya huku inafunguka kule, ukurasa wa mwanzo wa intaneti umebadilika, unanitangazia dawa ya kitambi. Imejuaje?

Nikarudi kibandani. Dogo akacheka mpaka akakosea kuhesabu noti za mtu. "Mzee, pale juu zilikuwa zinajitangaza kurasa za watu wengine. Andika mwenyewe videolan.org." Ndipo akanipa historia ambayo sikuiomba. Kwamba hii kitu ilianza 1996 na wanafunzi wa École Centrale Paris, kule Ufaransa. Walitaka mtandao wa kasi chuoni wacheze magemu, wakatafuta kisingizio cha heshima: kurusha TV ya setilaiti kupitia mtandao wa chuo. Kisingizio kikazaa programu. Mwaka 2001 wakaiachia kwa leseni huria, kila mtu achukue bure. Na ile koni ni kwa sababu wanafunzi wa chama chao cha mtandao walikuwa wanakusanya koni za barabarani. Mimi mwanangu wa chuo anakusanya madeni.

Haya, nimefika kwenye ukurasa wenyewe. Nikadhani yameisha. Wapi! Kuna kimshale pembeni ya kitufe, ukikigusa inamwagika orodha. Ya biti 32 au 64? Ya kujipiga yenyewe au ya zip? Ya msi? Ni kama umeingia kwa mama ntilie kuagiza wali maharage, anakuuliza upikwe kwenye sufuria ya geji ngapi.

Nikampigia dogo. "Mashine yako ni ngapi mzee, thelathini na mbili au sitini na nne?" Nikamwambia sijui ilizaliwa lini, nimeikuta kubwa. Sitini na nne ni umri wa baba mkwe. Kimya kwenye simu. Nikasikia anamwambia mtu, subiri kidogo, nina mgonjwa.

Nikachagua zip, maana ilikuwa inasema haihitaji kupigwa, unaikunjua tu unatumia. Hiyo nikaipenda, haina usaili. Kweli ikafunguka. Lakini nikibofya filamu inafunguka na ile ya zamani, ile ya mgonjwa asiyepona. Dogo ananiambia zip haijitambulishi kwa Windows, ndiyo maana filamu hazijui kama ipo. Yaani ipo ndani ya nyumba na hakuna anayeitambua. Hiyo hali naielewa vizuri, sikuuliza zaidi.

Nikarudi na laptopu kibandani. Duka lile lililomo humo humo kwenye Windows nalo tukaligusa. Raha yake, ukichukulia kule linakuapdetia lenyewe kimya kimya. Likataka barua pepe na neno la siri. Barua pepe alinifungulia fundi. Neno la siri analijua fundi. Fundi kahamia Mwanza.

Hapo dogo akakunja mikono ya shati. Akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, yale ya kwenye filamu za wadukuzi. Akasema hii inaitwa winget, Microsoft waliitoa 2020, ni amri tu, huhitaji kubofya popote wala kutafuta kitufe cha kijani. Akaandika `winget upgrade --all`. Nikamuuliza hiyo `--all` ni ya nini. Akasema, "Yote, mzee." Yote nini? Jirani, kumbe ndani ya laptopu yangu kuna watu wanaishi sikuwahi kutambulishwa. Majina yakashuka kama msururu wa wageni wa harusi, na kila mmoja anataka kula. Mistari inajaa mmoja baada ya mwingine. Bando lilikuwa langu. Simu ikalia: mteja, umetumia asilimia mia moja ya kifurushi chako. VLC ilikuwa mwishoni kabisa mwa orodha. Haikufikiwa.

"Ongeza buku, mzee." Nikaongeza. Nifanyeje na watu wanatazama?

Safari hii nikachukua ile ya kawaida, ya biti 64, ile ya kujipiga yenyewe, toka ukurasa wenyewe. Windows ikanifunika skrini yote kuniuliza kama ninairuhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kifaa changu. Nilikaa nikaisoma tena. Nyumbani kwangu makochi yamebadilishwa, mapazia yamebadilishwa, mpaka jogoo alichinjwa bila mimi kuulizwa. Nikabofya ndiyo kwa kishindo.

Ikaja leseni ndefu ya Kiingereza. Mbele. Zikaja tiki: njia ya mkato kwenye desktopu, aina za mafaili, hiki na kile. Na moja ya mwisho, inauliza kama nataka kufuta mapendeleo na kashe. Kashe sijui ni nani, lakini mimi na uchafu hatupatani. Futa.

Sasa koni mpya, inawaka, inaapdeti inavyotakiwa. Dogo amenipongeza. Ila mapendeleo niliyofuta ndiyo yalikuwa na yale maandishi makubwa ya chini, aliyonipangia dogo huyu huyu kwa sababu ya macho yangu. Yamerudi kuwa madogo. Kurudi kibandani kumwambia, haiwezekani, nina watoto wa kulinda jina lao.

Kwa hiyo sasa filamu naangalia na mwanangu wa darasa la pili. Yeye ndiye anayesoma maandishi, anasoma kwa sauti ya kusimama mbele ya darasa, herufi kwa herufi, filamu naisimamisha kila mara. Wakianza kukumbatiana anakaa kimya. Namuuliza vipi, mbona husomi?

"Baba, hapa hawajaandika kitu."